Kesho Wanapima Shamba Ulilolala

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa hapa kichwani pa kaburi lako, karatasi nimeiweka juu ya Biblia yako. Kesho saa tatu asubuhi wapimaji wa serikali wanafika Mbololo. Tangu utuache, mambo ya ardhi yamebadilika. Vile vishamba vyetu, hiki cha huku juu na kile cha chini Mraru, hawataki tena viwe vimetawanyika. Kila mtu akusanye ardhi yake pahali pamoja, apewe cheti. Lazima nichague pamoja tu: huku juu nitapata ekari moja yenye migomba na maji ya mfereji. Kule chini nitapata ekari nane za vumbi, mvua ya kubahatisha, na ndovu. Nikichagua chini, huku juu kunakuwa kwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, pamoja na kaburi lako.

Haya, nimelisema. Nikasirikie kama unataka.

Wajukuu wako sasa ni sita. Ekari moja, Baba! Mwaka jana ndizi ziliisha kabla mahindi hayajakomaa, na Wakesho, mke wangu, alichemsha majani ya kunde siku nne mfululizo akiwaambia watoto kwamba ndiyo dawa ya kuongeza akili. Watoto wakacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Jumatatu baba mdogo Maghanga alikuja akivuta beberu mwekundu. Unamjua nduguyo. "Tumchinje tusome matumbo," akasema. "Baba zetu hawakuchagua shamba kwa kubahatisha." Nikamjibu kwa kiburi, kifua mbele: mimi ni mtoto wa mwinjilisti, siulizi matumbo. Akaondoka amenuna, akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sasa sikia aibu yangu. Alipopotea tu kwenye kona, nilifunga mlango, nikaomba, nikafumba macho, nikaifungua Biblia hii yako na kuchomeka kidole. Kikaangukia majina ya wana wa fulani na fulani. Nikasema hiyo haihesabiki. Mara ya pili, vipimo vya mapazia ya hema. Mara ya tatu kikagusa watu wanaoshuka Misri kutafuta chakula, nikaruka juu: shuka! Mungu amesema shuka! Nikamwita Wakesho mbio mbio. Akaniangalia mpaka nikainamisha macho. "Na hao walioshuka waliishia wapi? Si utumwani?" Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linaniwasha: "Umemfukuza baba mdogo na mbuzi wake, halafu umekuja kuchinja Biblia ya marehemu."

Nilimnunia siku nzima. Lakini alisema kweli. Nilitaka Mungu achague yeye, ili shamba likinishinda nimlaumu yeye.

Nimefunga siku mbili tangu hapo. Nimeomba mpaka magoti yamechubuka. Hakuna ndoto, hakuna sauti, na ile amani mliyokuwa mkiishuhudia kanisani haijanijia. Iliyonijia ni njaa tu. Mbona kwako ilionekana rahisi?

Leo nikapanda huku nikuulize, na hapa ndipo nilipokumbuka kwamba haikuwa rahisi. Kila mwaka ulipanda mahindi kavukavu, kabla ya tone hata moja, watu wakikucheka. Mwaka ule nilipokuwa darasa la tatu mvua ilinyesha siku chache ikakatika. Mbegu zilichipuka zikaungua zote. Nilisubiri nikusikie ukisema Mungu amekudanganya. Ulichukua kikapu ukaenda kwa jirani huyu huyu kuomba mbegu nyingine, midomo ikikutetemeka. Nilidhani ni baridi. Kumbe hata wewe uliogopa, na ulikwenda tu.

Basi nimeamua, Baba. Kesho nikiulizwa, nitasema chini. Watoto ni sita na ekari ni moja. Hilo naliona kwa macho aliyonipa Mungu mwenyewe, sihitaji kidole wala beberu. Mvua siioni. Ndovu siwawezi. Kama nakosea, sijui. Hayo namwachia yeye, na usidhani namwachia kwa moyo mtulivu. Naogopa, Baba, naogopa sana, na Wakesho naye anaogopa ingawa amekwisha kufunga vyombo.

Kuhusu kaburi, jirani ameahidi hatagusa hapa kwa jembe. Ni neno la mdomo tu. Kwenye cheti kaburi haliandikwi, na yeye akishaondoka duniani sijui wanawe watafanya nini. Hili ndilo linalonichoma kuliko ndovu wote wa Mraru. Nisamehe. Nimepima kati yako na watoto, na najua ungekuwa hai ungeniita mpumbavu kwa kupima.

Lala salama, mwinjilisti wangu. Ahadi yangu ni hii: mavuno ya kwanza, yawe gunia au yawe kiganja, nitapanda kilima kuja kukuambia. Yakikosekana kabisa, nitakuja vilevile. Ila kuanzia kesho, kabla sijakufikia, itabidi nipige hodi kwa mwenye shamba.

Mwanao,
Mwadime