Msichana Wangu Phillis

Providence, 3 Machi 1978

Bibi mpendwa,

Nakuamkia, na natumaini goti limepata nafuu sasa theluji inayeyuka. Mimi mzima, ila macho tu. Mwandiko wa hawa watu wa kale utanipofusha: herufi s wanairefusha mpaka inafanana na f, na karani wa mwaka 1741 alikuwa bahili wa wino.

Sasa kaa kitako. Nimempata Phillis. Yumo kwenye wosia wa Elkanah Thurlow mwenyewe: “msichana wangu Phillis”. Yaani yule aliyeandikwa kwenye Biblia ya ukoo wetu kuwa mama yake Gideon, babu yetu wa kale, ni mtoto wa mwanzilishi wa mji, nawe ni damu yake. Jumba la nyaraka lilikuwa linafungwa, nikawahi kunakili mstari huo tu. Kamati ya makaburi ilitaka ushahidi kwamba u wa ukoo wake, basi huu hapa. Utalala kando ya mwanao Caleb kama unavyotaka.

Mjukuu wako,
Lois

Tamsett, 8 Machi

Lois wangu,

Goti halijambo, mimi ndiye ninayelisumbua. Wewe unakula huko, au unashinda na vumbi la vitabu?

Barua yako nilimpelekea Hollis, mwenyekiti wa kamati, siku ile ile. Unakumbuka alivyoniambia mbele ya watu: “Mama Drusilla, makaburi ya mlimani ni ya damu ya Elkanah, hatuzikani kwa hisani.” Safari hii nikamwambia, “Haya Hollis, sogea, ndugu yako nimefika.” Akacheka upande mmoja wa mdomo.

Tulipomzika Caleb hakuna aliyeuliza karatasi. Alikuwa hajaacha kunyonya, na tangu hapo yuko pale peke yake. Nikijua nitalala naye, kufa hakunitishi. Nakili wosia wote, Hollis anautaka kwenye kikao cha Aprili. Pasaka njoo, nitakuchomea mikate ya unga wa mahindi.

Bibi yako,
Drusilla

Providence, 14 Machi

Bibi,

Habari za afya yako? Mimi sijambo kwa mwili, lakini ninayokuandikia si mazuri. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Nimenakili wosia wote. Mabinti wa Elkanah wametajwa mwanzoni, kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja ameitwa “binti yangu”. Phillis hayumo. Yuko chini, baada ya vyombo: “Nampa binti yangu Mercy godoro langu la manyoya, ng'ombe mtamba mwekundu, na msichana wangu Phillis, awe mali yake na ya warithi wake milele.”

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Nikarudia. Si binti, Bibi. Msichana, kama watu wanavyosema msichana wa kazi, ila huyu hakuwa na mshahara wala ruhusa ya kuondoka. Alikuwa mtumwa, Mwafrika. Na sisi nyumbani tuliambiwa nywele zetu hizi za kujisokota ni za Wareno.

Nisamehe kwa kukimbilia kukuandikia. Najua umeshamwambia Hollis.

Lois wako

Providence, 2 Aprili

Bibi yangu,

Hujanijibu, na simu hupokei. Jirani yako Eunice ameniambia u mzima, anakuona ukifagia baraza. Nashukuru kwa hilo.

Kuna jingine, na nilitaka kulificha. Kitabu cha kanisa kinasema Josiah, mtoto wa kiume wa Elkanah, alisimama mbele ya waumini akaungama kuwa amezaa na Phillis. Mtoto ndiye Gideon wetu. Josiah akasamehewa, akashiriki meza ya Bwana Jumapili ile ile. Phillis hakuulizwa kitu. Alipokufa walimzika nje ya ukuta wa makaburi, upande wa kaskazini.

Kwa hiyo damu ya Elkanah unayo, na kamati haiwezi kukukatalia. Nakala ninazituma. Uamuzi ni wako.

Lois

Tamsett, 21 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu zako zilifika, nazirudisha kwa kuchelewa. Sikukukasirikia. Nilikuwa najitazama kwenye kioo, bibi kizee, kama mtu aliyekutana na mgeni kwenye nyumba yake.

Kikao kilikuwa jana. Nilisoma nakala zako kwa sauti, zote, mpaka godoro na mtamba. Kisha Hollis akasema kwa upole kabisa, “Mama, hayo ya Josiah ya nini tena? Sisi tuandike Phillis binti wa Elkanah, watu wameshaamini hivyo. Nafasi yako ipo.”

Nilipigwa na butwaa. Kumbe lile kosa lako la kusoma ndilo wanalotaka kulichonga kwenye jiwe.

Nikamuuliza, “Hollis, Phillis kwanza mlimpa Mercy, leo mnampa Elkanah. Lini mtamwacha awe wake mwenyewe?” Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Nikaenda makaburini, nikashuka nje ya ukuta, kaskazini, alikozikwa Phillis. Ni majani tu na mawe yasiyo na jina. Nilisimama pale mpaka baridi ikanishinda, nikalia sana. Leo asubuhi nimetia saini karatasi za kumtoa Caleb mlimani. Zamu yangu ikifika mnizike pale nje. Mtoto ndiye atakayehama, aje kwa mama zake.

Bibi yako,
Drusilla wa Phillis