Mwamba Unaopita Uani Kwangu

Shangazi Mwamvua, shikamoo, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa. Mume wangu Nkwabi analala machimboni tangu mavuno, nikitoka nje naliona turubai lake ng'ambo ya bonde lakini nyumbani haji, wenzake wamemwambia mwenye shimo akilala kwa mkewe dhahabu inakimbia, akipiga simu anauliza hesabu tu kwa kuwa mimi nilifika kidato cha nne. Mashimo yake mawili yametoa dhahabu, moja liko urefu wa kamba mbili mashariki na tatu kaskazini kutoka kona ya barabara, jingine sita mashariki na tano kaskazini, la mchimbaji mwenzake Gregory lililo nne kwa nne halikutoa kitu sikulihesabu, Nkwabi anataka kujua mwamba wenye dhahabu unaelekea wapi. Nikakokotoa: kaskazini umepanda mbili, mashariki umekwenda nne, mteremko nusu, nikaingiza shimo la kwanza nikapata y = ½x + 2, nikaufuata hadi mashariki kumi, kaskazini saba, nikapima kwa kamba nikajikuta uani kwangu, juu ya kaburi la Rebeka, mtoto wetu. Nikimwambia atakuja na sururu, na ninavyomtamani, Shangazi, hata kumsikia akikohoa mlangoni, kuna wakati nasema basi achimbe, mradi aje. Nimwambie?

Mama Rebeka, Runzewe

Marahaba, Mama Rebeka. Pole sana, mwanangu. Kumtamani mumeo si kosa.

Mlinganyo wako ni sahihi, ila umeuamini mno. Nukta mbili zozote hutoa mstari, hata ungepima choo cha jirani na genge la nyanya! Shimo la Gregory ulilirukaje? Nusu ya nne ni mbili, ongeza mbili, unapata nne. Liko juu ya mstari wako kabisa, na ni kavu. Basi huo mwamba ama umepinda, ama ni miwili tofauti. Tena mstari hauna mwisho, ungeweza kuufuata hadi Geita mjini. Uliukatisha uani kwa sababu hapo ndipo unapotaka Nkwabi afike.

Usimjibu kwa simu. Kesho pika, jipambe, uende kwenye hilo turubai. Mwonyeshe shimo la Gregory, aone kwamba hesabu haijathibitisha kitu. Habari za dhahabu kukimbia wake za watu, mwambie Shangazi amecheka sana. Kisha mshike mkono, useme: "Baba Rebeka, nimekukumbuka mpaka naumwa. Kwenye kaburi la mtoto wetu hachimbi mtu. Twende nyumbani."