Mlingoti Laini Ni wa Kamau

Kamau ndugu yangu,

Ukiona mwandiko umepinda, usiseme ni uzee. Ni hii kalamu. Mkono wangu haujawahi kutetemeka, unajua, na Eldoret nzima hakuna fundi anaweza kuunganisha bomba mbili kama mimi, mpaka utafute kiungo kwa ukucha usikipate. Lakini kuandika ni kazi ingine, kwa hivyo soma polepole.

Arap Metto ameshindwa kwa mbio za magari ya tanga. Ameshindwa mchana, mbele ya watu, na amesema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mlingoti laini, huu unaoinama na upepo, ni wako. Nitakueleza yote, lakini hiyo nilitaka uipate kwanza.

Wacha nianze na siku tulikuzika, kwa sababu wewe hukuona.

Mvua ilikuwa imenyesha, viti vya plastiki vinazama kwa matope, Mama Ciru wako ameketi mbele na leso kichwani. Watu wa kanisa waliongea vizuri, waliongea sana pia. Halafu Metto akashika maikrofoni. Koti jeusi, tumbo mbele. Akasema, "Marehemu alikuwa mwanafunzi wangu. Hii maneno ya kupindisha mlingoti, mimi ndiye nilimfundisha." Akapigiwa makofi! Mama Ciru akageuka akaniangalia mimi. Nikasimama. Yule kijana wa kuongoza programu akaniambia, "Mzee, muda umeisha, sasa tunaelekea kaburini." Nikarudi chini na maneno mdomoni kama mtu ameuma kiazi cha moto, hawezi kumeza, hawezi kutema. Nimetembea na hicho kiazi mwaka mzima.

Watu waliniambia, wacha, ni maneno tu ya matanga. Mimi nikawaambia hapana. Huyu Kamau ile mwaka ya fujo ya uchaguzi walimchomea nyumba pale Burnt Forest. Duka likaenda, ng'ombe wakaenda, shamba hakurudi tena. Alitoka na cherehani peke yake, na hiyo cherehani ilikaa chini ya kitanda changu mpaka kukapoa. Akaanza upya kushona turubai za malori hapa mjini na hakuwahi kumlaumu mtu. Kitu kimoja tu alitengeneza ambacho hakuna mtu angeweza kuchoma, ni ule mlingoti. Sasa Metto anataka kuchukua hiyo pia, na mwenyewe bado yuko ndani ya sanduku?

Unakumbuka tulivyoanza? Ile shamba ya ngano upande wa Ainabkoi, mimi natengeneza kombaini ya kuvuna, halafu mgeni wa tajiri mwenye shamba akaja na kigari kidogo cha magurudumu matatu na tanga, akakipeleka kwa ule uwanja wa ndege za kunyunyiza dawa. Upepo tu, bila injini, na kinakimbia kuliko pikipiki. Mgeni akaenda zake na kigari chake. Mimi nikasema, hicho hata nikilala nitatengeneza. Na nikatengeneza! Magurudumu ya wilbaro, vyuma vya kitanda, na wewe ukashona tanga ya kitambaa cha hema. Mwaka uliofuata kila fundi alikuwa na yake, na Metto alikuwa wa kwanza kuiga.

Lakini mlingoti ndio ulitusumbua. Wote tulikuwa tunaweka bomba la maji, lile zito, limesimama kama mlingoti wa bendera wa shule. Upepo ukija kwa nguvu bomba halisongi, kwa hivyo gari ndiyo inainuka, gurudumu moja hewani, halafu chini, puu. Wewe ulianguka kuliko sisi wote kwa sababu ulikuwa mwepesi kama kuku. Siku moja ukatoka chini ya gari na nyasi kwa masikio, ukaniambia, "Chuma, hii bomba yako ina kichwa ngumu kama wewe." Hilo jina la Chuma ni wewe ulinipa na sasa mji mzima unaniita hivyo.

Ndipo ukaenda kutafuta. Chini ukaweka bomba la alumini la kumwagilia maji, lile jepesi la skrapu. Juu ukaweka mwanzi, ukaukausha juu ya moshi wa jikoni ya Mama Ciru mpaka ukawa rangi ya chai. Mimi nikakutengenezea kiungo. Hiyo nitasema mpaka nife, kiungo ni changu, lakini akili ilikuwa yako. Tulipoupeleka uwanjani Metto alishika tumbo akicheka. "Kamau amekuja kuvua samaki!" Sasa mtu aliyefundisha mwingine kitu anacheka hicho kitu akikiona? Hata hakuelewa ni nini.

Upepo ukaja. Mwanzi ukalala nyuma kidogo, tanga ikajinyoosha, upepo wa ziada ukapita zake, magurudumu yote yakabaki chini. Ukaenda! Metto aliona mgongo wako na vumbi, basi.

Na ni wewe ulituletea ile kazi ya viti viwili. Mlingoti unalazwa juu ya viti, mtungi wa maji unaning'inizwa katikati, unapima kwa uzi mlingoti umeshuka kiasi gani, halafu ndiyo unakata ukingo wa tanga ufuate huo mpindo. Mpaka leo asubuhi ya mashindano kila mtu analaza mlingoti wake hapo wazi, wote wanaona. Bado tunaita kupima mgongo, vile ulikuwa unasema.

Sasa sikia vile nilifanya.

Baada ya matanga Metto sikumwambia kitu. Mimi! Bibi yangu alifikiri mimi ni mgonjwa. Nilikaa kwa kibanda nikichomelea mageti ya watu wa Elgon View na nikingoja. Ngano ikavunwa, mashindano ya Januari yakakaribia. Na kweli siku moja Metto akaja, sauti tamu, amenunua mandazi. "Mzee Chuma, nitengenezee mlingoti kama ule wa Kamau. Ule ule kabisa. Usibadilishe hata kitu kidogo."

Nikamwangalia. Yule mtu ni gunia mbili za ngano zimefungwa mshipi. Nikamwuliza, "Ule ule?" Akasema, "Ule ule."

Basi nikamtengenezea. Na usifikiri niliharibu! Hata nikiwa na hasira mkono wangu hauwezi kuchomelea vibaya, unakataa. Alumini unene ule ule, mwanzi nimeuchagua mwenyewe nikaukausha kwa moshi wa Mama Ciru, kiungo changu pale pale ulipokuwa unapenda. Niliuweka kwa viti, nikaning'iniza mtungi, ukashuka mahali wako ulikuwa unashuka. Metto alifurahi, alinikumbatia. Hakuuliza kama unamfaa yeye. Angeuliza ningemwambia? Hapana. Lakini hakuuliza.

Kwa sababu wewe na mimi tunajua. Mlingoti unachaguliwa kwa mtu kama vile kiatu. Wewe ulikuwa mwepesi, ulitaka uiname mapema usikupindue. Mtu mzito hapinduki haraka, uzito wake unashika gari chini, kwa hivyo anataka mlingoti mgumu kidogo ushike upepo umpeleke. Ukimpa mzito mlingoti wa mwepesi, ncha inalala hata kabla upepo haujafanya kazi, tanga inakuwa bapa kama shuka kwa kamba. Anabaki ameketi hapo kama anangojea chai.

Wangu mimi nilijaribu mitatu. Wa kwanza alumini tupu, ukawa mgumu, ukanirudisha kule kwa siku za bomba la maji. Wa pili mwanzi mrefu kama wako, na mimi pia mifupa yangu ni mizito, ukalala mapema. Wa tatu nikaingiza mti wa mkaratusi ndani ya alumini, huku chini tu mpaka urefu wa kiuno, ukakaza. Juu nikaacha mwanzi, lakini mfupi kuliko wako. Waya za kuushikilia nikaongeza mvuto mbele, nyuma nikalegeza kidogo. Nikaulaza kwa viti, ukashuka kidogo kuliko wako. Nikampelekea Mama Ciru vipimo, akashona tanga kwa ile cherehani yako. Ulijua anaweza? Ulikuwa unasema hawezi. Anashona kukushinda, samahani.

Siku yenyewe upepo ulikuwa ule wa Januari, mkavu, unatoka upande mmoja tu bila kuyumba. Watu walijaa kando ya uwanja, akina mama wanauza mahindi ya kuchemsha na viazi, vijana wako juu ya trekta. Asubuhi tukapima mgongo. Metto akalaza mlingoti wake akaita watu. "Njooni muone! Huu ni ule wenyewe! Mwaka huu mtu asilie!" Mimi nikasema ni mzuri sana. Ni kweli, ulikuwa mzuri sana.

Mashindano ya kwanza aliwashinda wale wadogo, kwa sababu wale hata tanga hawajui kufunga. Tukabaki wawili, mimi na yeye. Tukaanza sawa. Halafu upepo ukashika. Kamau, ningependa ungeona. Mlingoti wake ukalala nyuma taratibu, kwa heshima, kama mtu ananyoosha mgongo baada ya kulima. Wangu ukasimama, ukainama kidogo kule kwa ncha, ukavuta. Nilimpita nikiwa na nafasi ya kumwangalia usoni. Alikuwa anapigia mlingoti kelele! "Nenda! Nenda!" Kama punda. Nilifika mwisho, nikageuka, nikakutana naye bado anakuja.

Desturi unaijua, wawili wa mwisho wakikimbia aliyeshindwa anabeba mlingoti wa mwenzake mpaka kwa lori, uwanja mzima, kwa bega. Akabeba. Mimi nikatembea kando yake pole pole, nasalimia watu. Tulipofika kwa lori akataka kuuweka.

Nikamwambia, "Usiweke chini."

"Mzee, hii kitu ni nzito. Umeweka nini ndani?"

"Nani alianza mlingoti laini?"

"Aa Mzee, hiyo ni mambo ya zamani."

"Usiweke chini."

Watu wakaanza kusogea. Mama Ciru alikuwa hapo kwa kivuli cha lori, akaniambia, "Baba Chebet, mwache, mtu amechoka." Nikamwambia, "Mama Ciru, bado hajachoka vizuri."

Metto akasema, chini chini, "Kamau."

"Sijasikia. Upepo."

"Kamau!"

"Kamau nani? Hapa akina Kamau ni wengi."

"Kamau wa turubai! Kamau wa Burnt Forest!" Jasho linamwingia kwa macho na hana mkono wa kupangusa. Vijana kule juu ya trekta wanapiga mbinja.

"Na nani alimfundisha?"

Hapo akahamisha mlingoti bega la pili. Nilimwacha ahamishe. Mimi nina wakati, mlingoti uko kwa bega lake. Mwishowe akasema, "Hakuna mtu alimfundisha."

Nilikuwa karibu kumwambia aweke. Lakini Mama Ciru wako, huyo huyo wa kusema mwache, akainuka, akarekebisha leso yake, akaja mpaka mbele ya uso wake. Akamwambia, "Hiyo ya mwisho, sema tena."

Akasema tena. Akasema kwa nguvu. Ndipo akaweka.

Baadaye alikuja kunisalimia, ananyoosha mkono. Nikampa kifundo cha mkono, nikamwambia nina grisi. Mkono wangu ulikuwa safi, nilikuwa nimeuosha kwa mtungi. Akaniuliza, "Kwani mlingoti wako una siri gani?" Nikamwambia ni bahati tu.

Pasta ameshanitembelea. Ameniambia sasa yameisha, nimsamehe, tukunywe chai pamoja, sisi ni wazee. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwekea maziwa mengi kwa kikombe, nikamsindikiza mpaka kwa geti. Watu wanafikiri mtu akilipiza kisasi hapati usingizi. Mimi nilifika nyumbani, nikakula ugali na maziwa ya mursik, nikalala mpaka jua likaniamsha. Kitu kimoja tu, asubuhi nilishika njia ya kibanda chako kuja kukuambia. Nilifika mpaka kwa mlango. Sasa kuna mtu anauza kadi za simu hapo. Akaniuliza, "Mzee nikusaidie?" Nikasema nimepotea njia. Mimi, kupotea njia katika huu mji! Ndiyo nikanunua hii karatasi.

Basi Kamau, wacha nimalizie, mwanga unapungua na hii kalamu imeanza kukohoa.

Nakuahidi hivi. Mama Ciru atashona tanga zangu zote, na za kila mtu atakayetaka kushinda, nitawaambia hivyo. Kila Januari kabla ya kupima mgongo, jina lako litatajwa kwanza, na asiyetaka kulisikia akakimbize gari yake kwingine. Na Metto nitamshinda tena. Nimesikia anatafuta mlingoti wa kutoka nje, mgumu, wa bei, na najua atachagua ule mgumu kupita kiasi. Akija kuniuliza, nitamwambia achukue.

Najua wewe ungemsamehe. Ungemsamehe pale pale kaburini kama ungeweza kuamka, ungemkaribisha chai, na mimi ningelazimika kuketi naye kwa sababu yako. Ndiyo maana nimekuandikia sasa, si kabla.

Pumzika.

Ni mimi, Chuma