Yule Nesi Hakuwa Mchomeleaji

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mkwe na wajukuu wazima? Huku tupo. Mama yako nyonga bado inamtesa, amelala chali kama bosi anatoa amri tu. Mimi ni chuma.

Kile kigae chako cha kusomea, hiyo mnayoita tableti, kimefika. Ahsante, lakini sikitaki. Darasa la watu wazima nilikuwa wa kwanza, mpaka mwalimu akanipigia makofi, na nilisoma kwenye karatasi, kidole chini ya neno. Hiki ukikiwekea kidole kinaruka kurasa! Nesi wa kwenye kitabu yuko mlangoni analia, nagusa tu, kumbe nesi ashazeeka. Kitu gani hicho hakitaki kuguswa?

Kitabu hicho hicho cha karatasi ulichokiacha hapa kinanitosha. Kila jioni namsomea mama yako habari za yule nesi aliyepotelewa na mume mgodini. Nimemwahidi atajua mwisho wake kabla hajaenda kupasuliwa.

Ni mimi baba yako, mchomeleaji mstaafu asiyeshindwa.

15 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, wajukuu wanakusalimu. Pole kwa kumuuguza mama.

Nimeongea naye kwa simu. Anasema nesi amefungua karakana ya kuchomelea mageti, ana mafundi hodari, na mji mzima unamsifu. Baba, kitabu hicho nimekisoma mara mbili. Hakuna karakana. Hakuna hata geti!

Macho bado yanaona zile herufi? Kigae nimekipanga herufi ziwe kubwa kama za bango la dukani. Kidole kiweke mfukoni, fuata mstari kwa kijiti kikavu. Kijiti hakikirushi.

Binti yako.

29 Machi

Baba, shikamoo.

Mnaendeleaje? Mbona kimya? Mama anapasuliwa tarehe kumi, na kila nikipiga simu swali lake ni hilo hilo: mume anapatikana, hapatikani? Kama umechoka sema, nitamsomea mimi kwa simu.

Binti yako.

3 Aprili

Mwanangu,

Salamu zimefika, sisi hatujambo. Sasa nani kakwambia utamsomea wewe? Mke ni wangu!

Macho yangu moto wa kuchomelea umeyalamba kidogo, lakini nzi ukutani namwona, ila awe nzi wa kushiba. Karakana nilimfungulia mimi yule nesi, na iliendeshwa vizuri kuliko hospitali yake.

Haya. Nimechukua njiti ya kiberiti nikakikabili kigae chako. Kimenywea. Herufi nene kama ngumi. Nimerudi mwanzo kabisa wa kitabu, maana kazi nusu nusu sijawahi kumkabidhi mteja. Usipige simu jioni, sitapokea, nasoma.

Baba yako.

10 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nakuandikia kwenye benchi la hospitali. Mama yako wameshamwingiza ndani.

Jana jioni tulifika pale wanapomtoa yule mume mgodini. Nikaliona neno maiti. Nikaliruka. Nikasema mume katoka anatembea na buti zake, kaomba chai.

Mama yako akasema, "Mzee, ukisoma unakwama kama mkokoteni kwenye matope. Hapo umetiririka. Rudi."

Nikamwambia, "Kesho unapasuliwa, habari za maiti za nini?"

"Anayepasuliwa ni mimi, si wewe. Na ile karakana nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuacha kwa vile ulivyokuwa unafurahi. Leo soma kilichoandikwa."

Nikarudi. Nikasoma. Pale kwenye maziko nilikwama sana, neno moja nililirudia mpaka njiti ikavunjika, nikachukua nyingine. Hakunisaidia wala hakuniharakisha. Alisubiri. Nilipomaliza akasema, "Sasa nimejua," akafumba macho akalala vizuri. Mimi ndiye sikulala.

Leo wakati wanamsukuma na kitanda aliniambia akitoka anataka kitabu kingine. Kwa hiyo tafuta kitabu, ukiweke kwenye kigae leo hii. Kisiwe na mgodi, wala mtu wa kufa. Hapana, ngoja. Weka chochote. Nitamsomea kilivyo.

Baba yako.