Nyama Niliyoiatamia Imemkosanisha Mchumba Wangu na Baba Yake

Mpendwa mshauri, Mama Felisita, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka nimalize, maana barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeichana nilipofika kwenye ndoo.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, fundi wa redio na simu hapa Somanda, Bariadi, sinywi pombe, kanisani nakwenda, na tatizo langu ni kwamba napenda kupika, tena kupika kwa kujaribu, nikiona kitu kwenye simu lazima nikifanye, mwaka juzi nilitengeneza jibini likanuka mpaka mwenye nyumba akapanda darini kutafuta panya aliyekufa. Mwaka huu nikakutana na mapishi ya Kifaransa yanayoandikwa sous vide, mimi natamka suvidi na sijui kama ndivyo, ni kwamba unatia nyama na chumvi kwenye mfuko wa plastiki, unatoa hewa yote, unafunga, unauzamisha kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi joto sitini na kitu, yasipande wala yasishuke, unaacha humo hata siku nzima, na nyama hata iwe ngumu kiasi gani inatoka laini na utamu wake wote ndani. Mashine yenyewe sina, lakini kuna mteja aliniachia mashine ya kutotolesha vifaranga iliyoungua, nikachomoa kile kidude kinachopima joto na kuzima na kuwasha, nikakiunganisha na hita yangu ya kuchemshia maji, nikaitumbukiza kwenye ndoo yangu ya bluu, na Mama, kitu kikakubali! Hewa ya kwenye mfuko naitoa kwa kuinyonya na mrija wa soda. Majirani wamenipa jina la Mama Kuku, wanasema naatamia nyama.

Sasa kuhusu ile ndoo. Ni ndoo ninayoogea. Naisugua sana, lakini ni ndoo ninayoogea, na hita ndiyo hiyo hiyo ya maji ya kuoga.

Nina mchumba, Nyanjige, kwao ni Kimali kule Meatu, watu wa ng'ombe na pamba. Barua ya posa ilishapokelewa, siku ya kuzungumza mahari ikapangwa, na kabla ya siku hiyo baba yake, Mzee Machibya, akawa na safari ya Bariadi pamoja na mdogo wake, Baba Mdogo Mashimba, wakasema watapita kwangu mchana waone binti yao atakaa wapi, na Nyanjige mwenyewe akaja nao. Nikajiambia hii ndiyo siku ya suvidi. Nikaenda buchani nikaomba nyama ngumu kuliko zote, maana nyama laini ingeonyesha nini, nikapewa paja la maksai mzee, muuza nyama akaniangalia kwa huruma akasema, "Fundi, huyu amelima mashamba yote ya Bukundi, utamuua mgeni." Nikamwambia nipimie.

Nikaiatamia saa ishirini na nne. Asubuhi ya ugeni nikaipitisha juu ya mkaa ipate rangi, ndoo nikaificha chumbani chini ya kitenge, wageni walipofika wakaona jiko la mkaa na kikaango, hakuna aliyeuliza kitu, hata Nyanjige mwenyewe habari za ndoo hazijui.

Tukakaa, ugali, mlenda na sinia la nyama. Mzee Machibya akakitazama kipande kwanza, akakigeuza, akasema, "Hii ya maksai," nikajibu ndiyo baba, akakitia mdomoni taratibu kama mtu anayemeza kidonge. Akasita kutafuna. Akaendelea. Akachukua cha pili, akachukua cha tatu akafumba macho kabisa, na mimi moyoni nilikuwa naimba. Hapo ndipo Baba Mdogo Mashimba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, akapiga paja lake akasema, "Kaka! Si ulisema daktari amekukataza nyama? Mbona leo unatafuna kama kijana wa kuchunga!"

Mzee akaiangalia nyama, akaniangalia mimi, akamwangalia Nyanjige, akaomba maji ya kunawa, akatoka nje na binti yake. Nilisikia neno moja tu, "Ng'wanone," maana yake mwanangu, lakini halikusemwa kama mtu anavyomwita mwanawe. Wakaondoka bila hata kuona chumba cha pili.

Jioni Nyanjige akanipigia analia, akaniuliza, "Wewe nani alikwambia habari ya meno ya baba?" Nikasema meno gani? Hapo akagundua kwamba sikuwa najua lolote na sasa najua, ikabidi anieleze yote. Mama Felisita, Mzee Machibya hana magego hata moja, mwaka wa nne huu, ya mbele yapo ndiyo maana akicheka huoni kitu, na ya daktari ni maneno tu ya kukwepa nyama kwenye shughuli za watu. Anayejua ni Nyanjige peke yake, yeye ndiye anayemtwangia nyama kwenye kinu jikoni na kumpelekea kibakuli chake peke yake. Sasa mzee anasema maksai hawezi kulainika vile mpaka awe amepikiwa mtu asiye na meno, kwa hiyo siri imetoka, na aliyeitoa ni mmoja.

Leo ni siku ya tisa. Mzee hali chakula cha mkono wa Nyanjige, maji ya kunawa akiletewa na yeye anageuza uso, anaomba ya mtu mwingine, na mshenga wangu, Mzee Jilala, ameambiwa mahari isubiri mpaka nyumba itulie. Nyanjige ameniuliza mara moja tu, "Uliipikaje ikawa laini namna ile?" nikamjibu, "Kwa upendo." Akakata simu.

Nikisema ukweli, mzee atajua nimemlisha kutoka kwenye ndoo ninayosugulia miguu, na Baba Mdogo Mashimba ataitangaza Meatu nzima. Nikikaa kimya, Nyanjige anabaki msaliti kwao kwa kosa ambalo hakulifanya, na naona kabisa nitampoteza. Rafiki yangu Shigela ananishauri niseme nilitia papai bichi la kulainishia nyama, yaishe. Nifanye nini, Mama? Naomba sana jina langu lisitajwe.

Ni mimi, Mpika kwa Ndoo, Somanda.

MAMA FELISITA ANAJIBU

Marahaba, Mpika kwa Ndoo. Uliniomba nisicheke mpaka umalize. Nilifika kwenye mrija wa soda nikashindwa, mhariri akaja mbio akidhani nimepaliwa. Nisamehe. Jina lako sitalitaja, majina ya wote nimeyabadilisha na kijiji nimekibadilisha pia, ingawa ndoo nimeiacha kama ilivyo kwa sababu barua hii bila ndoo haina maana.

Pole, mwanangu. Nasema pole kwa dhati, maana ulitaka kumpa mkweo kitu kizuri na ukampa kweli, halafu kikakugeuka. Hilo linauma. Basi, pole imekwisha, sasa nikuseme.

Umeulizwa na mwanamke anayelia uliipikaje nyama, ukajibu "kwa upendo"! Upendo gani una waya na swichi? Yule binti hakuwa anataka mashairi. Alikuwa anatafuta sentensi moja ya kwenda nayo kwa baba yake, na sentensi hiyo unayo wewe, umeifunika na kitenge chumbani.

Tazama vizuri mtu uliyempata. Nyanjige ametunza siri ya magego ya baba yake miaka minne. Hakumwambia baba yake mdogo, hakukwambia wewe unayekwenda kumwoa, alitwanga na kinu akanyamaza. Wewe siri hiyo hiyo imekudondokea kwa bahati mbaya, na siku ya tisa umeshaiandikia gazeti. Nikikuangalia wewe na kumwangalia yeye, anayestahili kuombewa mahari nzito namjua, na siyo kwamba namdharau fundi.

Papai la Shigela litupe mbali. Ukisema ulitia papai, mzee atauliza papai la nini kama hukuwa umeambiwa, na hapo utakuwa umempigia Nyanjige msumari wa mwisho. Uongo wa namna hiyo haumsaidii mtu yeyote isipokuwa wewe na ndoo yako.

Halafu kuna kitu umekiandika mwenyewe bila kukiona. Mzee alichukua kipande cha tatu akafumba macho. Mtu anayetukanwa hafumbi macho, mwanangu. Yule baba alikuwa anakula nyama mbele ya watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, alikuwa amesahau kila kitu, na mdogo wake akamwamsha kwa kelele. Aliona aibu ya kuonekana amefurahi, basi akatafuta wa kulaumu, na aliyekuwa karibu ni yule anayempenda kuliko wote. Wazee tuko hivyo, siyo jambo la kujivunia.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu. Mpigie Nyanjige leo, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe "ndoo." Usizunguke, usianze na habari za Ufaransa. Atakasirika, pengine atacheka, vyote viwili ni haki yake. Kisha nunua ndoo mpya yenye mfuniko na hita mpya, ziwe za chakula tu, uziandike kwa kalamu nzito ili hata wewe usijisahau asubuhi ya baridi. Nunua mifuko ile ya kuhifadhia chakula kwenye friji, na hewa uitoe kwa kuuzamisha mfuko polepole majini huku mdomo wake ukiwa juu, maji yenyewe yataisukuma. Mrija nisiusikie tena. Hita izime kabla hujatia mkono, wewe ni fundi, sitaki kusoma habari zako ukurasa wa mbele.

Nenda Kimali na Mzee Jilala. Ukifika, salimia, kaa, na sema hivi mbele ya mzee na mdogo wake na binti akiwepo: "Baba, nyama yangu yote hutoka vile, aje mtoto, aje mzee, aje anayevunja mifupa. Naipika siku nzima kwenye maji, na siku ile niliipika kwenye ndoo ninayoogea. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, ni ujinga wangu." Kisha nyamaza. Neno meno lisitoke kinywani mwako siku hiyo wala siku nyingine, hata ukiulizwa, hata ukifikisha miaka sabini na yako yakidondoka.

Mzee atakasirika. Atasema mengi, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Mashimba atacheka mpaka akae chini, na jina la Mkwilima wa Ndoo, yaani mkwe wa ndoo, utazikwa nalo. Vumilia. Hasira ile ikikufika wewe, itakuwa imemtoka Nyanjige, na huyo ndiye ng'ombe wako wa kwanza wa mahari, mswage vizuri.

Ukiona amepoa, toa nyama uliyobeba, ya maksai, ya ndoo mpya, itiwe kwenye sinia moja na wote wale hapo hapo, Mashimba na meno yake thelathini na mawili akiwa upande mmoja, mzee upande mwingine. Laini kwake, laini kwa wote. Kuanzia hapo kwenye kila shughuli ya ukoo utaitwa ukapike, na hakuna mtu atakayejiuliza kwa nini mzee siku hizi anakula.

Jambo moja la mwisho kwako. Jibu hili nakutumia kwenye simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi, na Meatu linafika siku hiyo hiyo kwa basi la asubuhi. Najua majina nimebadilisha, lakini ndoo ya bluu na mashine ya vifaranga ziko ngapi mkoani Simiyu? Una Jumanne na Jumatano. Usinilaumu, nimekuona ulivyo mwoga nikaona nikusaidie.

Na wewe mzee wangu, kama Alhamisi imefika na kuna mtu anakusomea hapa, mwambie asubiri kidogo, au chukua usome mwenyewe. Huyu tuliyemsema siyo wewe. Wazee wasio na magego ni wengi mno mkoa huu, mimi mwenyewe upande wa kushoto sina hata moja tangu msimu wa pamba wa mwaka juzi, na watu wa kwanza kuambiwa ni nyinyi wasomaji wote. Nimesema, na bado nimekaa kwenye kiti changu. Mtoto wako hakumwambia mtu. Alikutwangia miaka minne akafunga mdomo, na siku zote hizi ulizomgeuzia uso bado hajaufungua kujitetea. Akikuletea maji ya kunawa leo, nyosha mikono.