Jina Nililolifuta Kwenye Gitaa la Fundi Harithi

Bi Mwamina mpendwa,

Nakuomba unisaidie katika jambo ambalo nimekaa nalo miaka zaidi ya thelathini bila kumwambia mtu, isipokuwa mke wangu Dorotea, naye nilimwambia mwaka jana tu. Mimi nakaa Nandagala hapa Ruangwa, nina miaka hamsini na tisa, nalima ufuta na korosho kama wenzangu, lakini ukiuliza Kasmiri ni nani watu watakwambia yule wa gitaa, maana harusi, kipaimara, mahafali, kote huku mpaka Matambarale nimepiga na bado napiga, na gitaa langu ni lilelile moja tangu ujana, na shida yangu inaanzia hapo.

Kwanza ujue kwamba nilikuwa mgonjwa wa magitaa ya umeme. Bendi za Dar zilipokuja Nachingwea nilipanda baiskeli kutoka Nandagala, nafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, wenzangu wanakwenda kucheza na mimi nasimama chini ya jukwaa kuangalia magitaa tu, hili lina pembe mbili, lile limekatwa bega moja, hili Fender, lile Gibson, lile la Mjapani, nikawa nayajua kwa umbo la kichwa chake na hata kwa sauti, ungeweza kunifumba macho ukagusa uzi mmoja nikakwambia ni lipi. Nilikuwa na daftari nililobandika picha zake nilizokata kwenye magazeti, chini ya kila picha nimeandika aliyelitengeneza na nchi yake. Vijana wengine walibandika wachezaji wa mpira. Kununua gitaa la namna hiyo, Bi Mwamina, hata kuliota ilikuwa kujisumbua.

Sasa pale Nachingwea, karibu na soko, alikuwepo Fundi Harithi, seremala wa milango na vitanda ambaye pia alitengeneza redio za watu. Mwaka 1988 bendi moja ilikatikiwa waya ndani ya gitaa asubuhi ya siku ya dansi, wakampelekea aulehemu, na mimi nikawafuata nyuma nikasimama mlangoni kwake. Alipolifungua alikuwa hajawahi kuona kitu kama kile maishani, lakini alitulia, akaunga waya, halafu kabla hajalifunga akachukua kamba, akapima shingo yote, kila mahali penye chuma kile kinachopita shingoni, wenyewe tunakiita freti, akafunga fundo. Wenye gitaa walipoondoka alinionyesha ile kamba.

"Umeona, kijana? Hakuna uchawi humo ndani. Mbao, sumaku na waya."

Nikamwambia, "Fundi, tunaweza?"

Akasema, "Kwani waliotengeneza lile wana mikono mingapi?"

Tulilitengeneza miezi mitatu. Mwili wake ni mninga, tuliupata kwenye mlango wa ghala uliotupwa, na juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, aliweka mpingo aliopewa na wachonga vinyago. Freti alizikata kwenye spoku za baiskeli. Sumaku tulizitoa kwenye spika iliyokufa, na waya mwembamba kama unywele tuliufumua kwenye mota ya mashine ya kusaga iliyoungua, tukauzungusha juu ya sumaku, yeye anazungusha kwa keke, ile ya kutobolea mbao, na mimi nahesabu, na tulipofika elfu tatu na kitu mkewe akaniita kula nikapoteza hesabu, akacheka mpaka akakaa chini, tukafumua tukaanza upya. Mpaka leo nikisikia harufu ya mninga uliopigwa randa namwona Fundi ameweka penseli sikioni, anapuliza vumbi, anaupitishia ubao kiganja kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nimeoa na nimezaa.

Siku tulipolichomeka kwenye redio yake kubwa nikapiga uzi wa kwanza, watu wa sokoni walikuja kuchungulia. Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe linasema." Halafu akachukua chuma cha moto, akaandika kichwani pa gitaa, HARITHI NACHINGWEA. Hakunitoza ufundi. Alinitaka kitu kimoja tu. "Popote utakapolipiga, waambie limetengenezwa Nachingwea."

Bi Mwamina, nilimwahidi kwa mdomo wangu huu.

Mwaka 1991 nilikwenda Lindi kujaribiwa na bendi kubwa kidogo. Kiongozi wao alisoma lile jina, akawaita wenzake, akauliza, "Hili ni gitaa au kitanda cha Nachingwea?" Walicheka sana, mpaka mpiga ngoma. Aliniambia nirudi kesho yake. Nilikwenda nilikofikia, nikachukua msasa, nikalifuta jina la Fundi, nikapaka rangi nyeupe, na juu yake nikaandika kwa brashi jina la kampuni ya ng'ambo, nililiandika vizuri kweli maana nilikuwa nimelinakili mara mia kwenye daftari langu. Kesho yake nilisema nimeletewa na baharia. Gitaa lilelile, mikono ileile, safari hii wakasema, aa, hiyo ndiyo sauti. Wakanichukua.

Baada ya miaka miwili bendi ilikwenda kupiga Nachingwea, dansi la mchana, Jumapili. Nilijua atakuja, na alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkewe, na majirani kama kumi, kwa sababu wiki nzima alikuwa amewaambia kwamba gitaa watakalolisikia ni kazi ya mikono yake. Walikaa mbele. Kiongozi wetu akashika kipaza sauti akatangaza kwamba bendi hii haina mchezo, hata gitaa la solo limevuka bahari. Fundi akaangalia kichwa cha gitaa. Kisha akaniangalia mimi. Nikainamisha macho nikaanza kupiga. Nilimsikia mmoja wa majirani akisema, "Harithi bwana, na wewe umezidi uongo," wakacheka, na nilipoinua macho kiti chake kilikuwa kitupu.

Sijazungumza naye tangu siku hiyo. Bendi ilikufa, nikarudi Nandagala nikaunda yangu, na uongo nikaendelea nao kwa sababu ulikuwa umeshakuwa mali ya watu wote. Nilisikia kwamba baada ya dansi lile hakutengeneza gitaa tena, na alikuwa ameshachonga shingo mbili nyingine.

Kilichoniamsha ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa nabadilisha nyuzi, na ile rangi nyeupe, kwa uzee wake, ikabanduka. Msasa wangu wa Lindi haukuwa umefika chini kabisa. Happy, anayetuimbia kwenye bendi, akainama akasoma, "HARI. Mzee Kasmiri, HARI ni kampuni ya wapi?"

Nikamjibu, "Ya Ujapani."

Miaka yote ile, Bi Mwamina, na bado ulimi wangu ulikimbilia huko. Na sasa kuna watu wa redio wanakuja Ruangwa kurekodi wanamuziki wa zamani, wameniomba nizungumzie gitaa langu la ng'ambo. Fundi yu hai. Mwaka jana nikiwa ndani ya basi nilimwona amekaa nje ya karakana yake anapiga msasa mguu wa kiti, kofia yake ileile ya siku zile, basi likasimama pale kupakia magunia muda wa kutosha kabisa mtu kushuka, na sikushuka. Dorotea anasema niache, mzee ameshasahau, nitamtonesha kidonda ili mimi nipate nafuu. Mpiga besi wetu Abel anasema nikisema ukweli tutachekwa wilaya nzima. Mimi nafikiri nimpelekee gitaa nimwachie, liwe lake, ingawa sijui nitapiga nini baada ya hapo. Au ninyamaze mpaka mmoja wetu atangulie? Niambie la kufanya, na usifiche jina langu.

Kasmiri, Nandagala

*

Kaka Kasmiri,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilikukasirikia, na bado sijamaliza.

Huruma yangu ni kwa yule kijana wa Lindi. Kuchekwa na watu wazima ambao riziki yako iko mikononi mwao si jambo dogo, na wengi wetu tumewahi kupaka rangi nyeupe juu ya kitu cha kwetu ili wageni watukubali. Lakini yule kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu. Wewe una hamsini na tisa, una nyumba, una bendi, una heshima, na mwezi uliopita umesema "Ujapani". Hapo nani alikucheka? Hakuna. Umezoea tu.

Unaandika kana kwamba kosa lako ni rangi. Rangi ni neno dogo. Ulimwacha mtu aliyekufundisha furaha aitwe mwongo mbele ya mke wake, nawe ulikuwa na kipaza sauti hatua mbili kutoka ulipokuwa umesimama. Hilo ndilo unalodaiwa. Kwa hiyo wifi yangu Dorotea anisamehe, mzee hajasahau. Wewe uliyekosa hujasahau, atasahau yeye aliyekosewa? Na Abel mwambie kwamba bendi yenye gitaa lililotengenezwa Nachingwea kwa mninga na mpingo, likapigwa miaka zaidi ya thelathini bila kuchoka, ina cha kujivunia kuliko bendi yenye baharia wa uongo.

Sasa nisikilize. Wiki hii panda gari uende Nachingwea, mchana, mahali pake pa kazi, penye watu. Usitume ujumbe wa simu. Usitangulize sukari na vitenge, usije ukaonekana umekuja kununua. Bandua hiyo rangi yote kwanza, mwenyewe, kwa mkono wako. Ukifika sema ulichofanya kwa maneno ya wazi, bila kiongozi wa Lindi ndani yake, bila "ujana". Usimwombe akuambie kwamba amekusamehe. Hilo ni lake, atatoa akitaka. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, utakuwa umefanya lililo lako.

Gitaa usimwachie. Unataka ulitoe ili uumie kidogo ujisikie umelipa, na huyo mzee abaki na kitu ukutani cha kumkumbusha aibu. Hakulitengeneza lining'inizwe. Alilitengeneza lipigwe na litajwe, na nusu hiyo ya pili bado unaweza kuitimiza. Watu wa redio wakija, utaje jina lake kabla hujagusa uzi.

Nenda, kaka. Yeye anazidi kuzeeka na wewe unaandika barua.

Mwamina

*

Bi Mwamina,

Redio wamerekodi jana, na nimesema yote, jina lake nimelitaja mpaka mtangazaji akaniambia sasa inatosha. Lakini nataka nikueleze ya Nachingwea, nilikokwenda siku tano kabla yake.

Nilimkuta nje ya karakana, na binti yake Ashura, mtu mzima sasa, anapanga mbao. Wazee wawili walikuwa wamekaa pale kwenye benchi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," akaitika "Marahaba" kama anavyomwitikia mpita njia. Nikasema jina langu. Nikaanza kusema niliyokuja kusema, akaweka mkono sikioni.

"Sisikii vizuri siku hizi. Sema kwa nguvu."

Nikarudia. Akasema, "Bado. Nguvu zaidi."

Nikasema mara ya tatu, nikipiga kelele kama mnadi, kwamba gitaa lile alilitengeneza yeye, kwamba nililifuta jina lake kwa msasa, kwamba siku ile ya dansi mwongo nilikuwa mimi. Watu wa maduka ya jirani walitoka. Ashura alikuwa ameacha kazi ananitazama, na macho yake hayakuwa mazuri. Fundi akageukia wale wazee wawili kwenye benchi, akamuuliza mmoja wao, "Umemsikia?"

Yule mzee akajibu, "Nimemsikia, Harithi."

Hapo ndipo nilipomtambua yule jirani wa siku ya dansi.

Fundi hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alisema, "Lete nilione." Nikalitoa kwenye mfuko. Hakuangalia jina. Aliliweka magotini, akapitisha kidole gumba shingoni polepole, freti baada ya freti, akasimama kwenye ya saba.

"Hii nilikosea," akasema. "Imekaa juu kidogo. Nililijua siku ileile uliyoondoka nalo, nikasema akirudi nitairekebisha, hukurudi. Uzi wa pili haukuwa unalia vibaya hapa?"

Nikamwambia unalia, Fundi, miaka yote, huwa naukwepa.

Akamwambia Ashura alete tupa. Akakwangua chuma kidogo kidogo, anapuliza vumbi, anapima kwa kidole gumba. Ilimchukua muda. Alipomaliza aliniambia nipige, nikapiga pale pa saba, safi, akatikisa kichwa kwa kuridhika na mimi nikalazimika kugeuka pembeni.

Kisha akaanza kuniuliza. Bendi za siku hizi zinatumia magitaa gani? Ya Mchina yakoje, shingo zake hazipindi? Ni kweli kuna yasiyo na kichwa kabisa, basi nyuzi wanazifungia wapi? Nikamwonyesha picha kwenye simu, akawa anaisogeza karibu na jicho, anacheka, anagombana na watengenezaji wa Amerika kana kwamba wako hapo karakanani. Ashura alileta chai, akaweka vikombe viwili bila kunitazama, ila aliviweka viwili.

Tulizungumza hivyo mpaka adhana ya alasiri. Fundi akainuka kwa kushika bega langu, akavaa ndara zake, akapiga hatua chache kuelekea msikitini, halafu akageuka.

"Usiondoke," akasema. "Habari za gitaa la besi sijakuuliza."

Kasmiri