Dole Gumba Nililoliweka Kwenye Ngitili ya Baba

Jumamosi. Jua la leo halina huruma, na mimi nina hasira ambazo hazijaisha.

Nianze na aibu yangu, nisije nikajifanya mtakatifu. Wiki iliyopita nilikuwa kibandani kwangu Somanda, mjini Bariadi, nashona gauni la bibi harusi, pini mdomoni, simu ikalia. Kundi la familia. Kaka yangu mkubwa Masanja, anayeishi Dar, alikuwa ameandika ujumbe mrefu kama hotuba. Ndugu zangu wote walishaweka dole gumba. Na mimi nikaweka, nikarudi kwenye gauni.

Sikusoma.

Ujumbe ulisema ngitili ya marehemu baba ilimwe pamba kwa trekta. Kwa msomaji asiye wa huku: ngitili ni malisho tunayoyafunga msimu wote wa mvua, mifugo isiguse, ili kiangazi ng'ombe wapate majani. Tangu soko huria lilete wanunuzi wa pamba na malori yao, majirani wamelima za kwao hadi mlangoni. Vilima vimebaki vipara, visima vinakauka mapema, mvua inakuja inapojisikia. Ya kwetu bado ina miti, na ng'ombe wa mama wanaishi kwa hiyo.

Mama hana simu. Amejua leo asubuhi, trekta lilipovunja ua wa miiba likaingia.

Jirani alinipigia, ndipo nikausoma ule ujumbe, nikapanda bodaboda mbio hadi kijijini. Nilimkuta mama amesimama mbele ya trekta, kanga kiunoni, dereva amezima injini.

"Mwangaluka, mayu," nikampa mama salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

Hakuitikia. "Na wewe Minza ulikubali?"

Nikasema ndiyo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimgeukia dereva: "Mambo ya ngitili tunayaamulia humu humu, tumekaa kwenye majani. Hao wa kwenye simu waambie waje na miguu yao." Dereva, Msukuma mwenzetu, alivua kofia, akaliondoa trekta kinyumenyume.

Haukupita muda, Masanja akanipigia. "Minza, mnaturudisha nyuma. Dunia imebadilika."

"Imebadilika kweli, kaka. Njoo uione. Shuka Bariadi, ukae humu, useme hayo mbele ya mama."

Akakata.

Mimi si adui wa simu. Blogu hii naiandika kwa simu, na wateja wananitumia picha za mishono kila siku. Ila sikubali malisho ya ng'ombe wa mama yaamuliwe na mtu anayekunywa maziwa ya pakiti! Nimeandika kwenye kundi, mbele ya wote: "Nilikosea. Dole langu nimeliondoa." Wakinuna, wanune tu.

Baada ya trekta kuondoka, mama alinipa panga. Tumekata matawi ya miiba, tumeyaburuta, tumeziba pengo lote. Lile dole gumba nililobonyezea limechomwa mpaka limevimba, haya naandika kwa kidole kingine. Sijalalamika.

Tulipoweka tawi la mwisho, mama alijifuta jasho, akanitazama.

"Mwangaluka, mwanangu."

Ilikuwa saa tisa alasiri.

Cherehani itanisubiri. Trekta likirudi kesho, litatukuta wawili.